Mafumbo ya herufi ya sanaa na muziki: uzoefu wangu, na herufi waliyomnyang'anya Siti

Nyota mbili, na nimezitoa kwa shingo upande. Wiki kadhaa nyuma ningetoa tano bila kufikiri, na wapo watu niliowashawishi wainunue ambao leo naona haya kukutana nao.

Nazungumzia ile programu ya simu ya mafumbo ya kupanga herufi. Unapewa herufi zilizovurugwa na kidokezo cha mstari mmoja, unazipanga mpaka zikae neno. Mikusanyiko wanayo mingi, ya mpira, ya mapishi, ya miji. Mimi nililipia ule wa Sanaa na Muziki. Jina la programu silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Bei na mambo ya bando mtayaona huko huko, hayo hayakunikera.

Mwanzoni niliisifia kila nilipokaa. Aliyetunga hatua za awali anakijua Kiswahili na anajua kumchezea mtu akili kwa heshima. Unapewa A, I, S, T, U, kidokezo kinasema "mtaji wa mwimbaji", unaandika SAUTI. Hatua ya pili zinarudi herufi zile zile, kidokezo sasa kinasema "ana mkia wa kuringia, wachoraji wanampenda", unahangaika weee, kumbe ni TAUSI. Nilipiga kelele sebuleni. Halafu N, A, I: kwanza ni NAI, ile inayopulizwa kwenye taarab, kisha inakuwa NIA. GITA ya Mbaraka Mwinshehe inageuka GATI ya bandarini. SHAIRI linageuka ISHARI. Vitu hivyo viko mdomoni mwetu kila siku na hatuvioni.

Na TINGATINGA! Herufi tano tu, T, I, N, G, A, kila moja mara mbili. Nimekua nikiziona picha hizo zimetundikwa njia nzima Mji Mkongwe na sikuwahi kuliona hilo kwenye jina. Ndilo lililonifanya nikasome habari za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyechora kwa rangi za kupaka baiskeli na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972, akiwa ameifanya kazi hiyo miaka michache tu. Fumbo lililonipeleka huko ni fumbo zuri, na hilo nitalisema hata nikiwa na hasira kiasi gani.

Kwa sababu kutunga mafumbo haya kwa Kiswahili si kazi nyepesi. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na konsonanti hazirundikani, kwa hiyo ukivuruga herufi chache unapata neno jingine halisi au kitu kinachofanana kabisa na neno. Watoto wa Unguja tulicheza na jambo hilo kabla simu hazijafika: tulisema kinyume, silabi ya mwisho unaileta mbele, ngoma inakuwa mango, gita inakuwa tagi, tunasengenya mbele ya wakubwa na wao wametulia tu. Kwa hiyo mtunzi akikosa umakini, jibu linaweza kuwa lolote. Kidokezo kiwe cha haki, na herufi ziwe kamili, isizidi hata moja, isipungue hata moja. Sharti ni hilo. Hata wasanii waliotukanana walilifuata. Mshairi wa Kifaransa André Breton alipotaka kumsuta mchoraji Salvador Dalí kwa kupenda fedha, alilipangua jina lake likawa Avida Dollars, yaani mwenye uchu wa dola. Hesabuni wenyewe: herufi 12 huku, herufi 12 kule, zile zile. Tusi lenyewe limetimia.

Sasa njooni kwenye hatua iliyoniharibia kila kitu.

Kidokezo: "Mwimbaji wa Unguja aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri." Siku hiyo nilikuwa na Mama Mkubwa. Macho yake hayasomi tena kioo cha simu, lakini mafumbo haya anayapenda kuliko mimi. Namsomea herufi, anazipanga kichwani, na mara nyingi ananitangulia. Sikumaliza hata kusoma kidokezo.

"Siti binti Saad. Mwingine nani?"

Nikaandika. S, I, T, I, B, I, N, T, halafu nataka I, haipo. Nimezimaliza. Nikafuta, nikaanza upya. Haipo. Mama Mkubwa akaniambia, "Labda unakosea kubonyeza, mwanangu, hebu taratibu." Nikachukua kalamu na karatasi, nikaliandika jina, nikalikata herufi moja moja. Jina lina herufi 13. Visanduku ni 12.

Tukasema basi si Siti, kuna mtego. Mama Mkubwa akaanza kuwataja wanaume wa kundi lake waliokwenda naye: Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban, Mbaruku. Hakuna aliyeingia. Nikanunua kidokezo cha ziada kwa sarafu zao. Kikafungua S ya mwanzo. Nikanunua kingine, kikafungua D ya mwisho. Wananiambia ni Siti na wakati huo huo wananikataza kumwandika! Sarafu zikaisha, nikabonyeza "onyesha jibu", na mfululizo wangu wote nilioutunza tangu Ramadhani ukafutika papo hapo. Jibu lao: SITI BINT SAAD.

Mama Mkubwa aliponisikia nikilisoma alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hawa Siti wamemjua wapi?"

Najua wapo wanaoandika bint. Kwenye maandishi ya wageni utaliona, sikatai. Lakini hii ni programu ya Kiswahili, kwa Waswahili, kuhusu mwanamke ambaye Shaaban Robert aliandika kitabu kizima cha maisha yake na kukiita Wasifu wa Siti binti Saad. Kama Shaaban Robert hatoshi kuwa ushahidi wa jinsi Waswahili wanavyoliandika jina hilo, sijui nani atatosha. Na linaloniudhi zaidi ni kwamba hatua chache kabla ya hapo, kwenye programu hiyo hiyo, tulimpanga Bi Kidude kwa jina lake la nyumbani, na jibu lilikuwa FATUMA BINTI BARAKA. Binti, na I yake kamili. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Kwa hiyo mwanafunzi amepewa jina zima na mwalimu wake amekatwa. Kwa kanuni gani?

Nikasema hapana, binadamu hukosea, niwaandikie. Nikatafuta namba ya huduma kwa wateja, nikaandika kwa adabu zote: salamu, habari za kazi, hongereni kwa kazi nzuri, kwenye hatua fulani herufi moja imepungua, tafadhali rekebisheni. Nikaambatisha picha ya kioo cha simu na picha ya karatasi yangu.

Jibu likaja: "Mpendwa mteja, wenzako wengi wamepita hatua hiyo. Nunua kidokezo."

Nikaeleza tena kwamba nimeshanunua, na kwamba tatizo ni jina. Akajibu: "Dada, ni herufi moja tu. Usikuze mambo."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia: kaka yangu, kwenye mchezo wa kupanga herufi, herufi moja ndiyo mchezo wenyewe. Ukinipa herufi pungufu hujanipa fumbo gumu, umenipa fumbo lisilo na jibu, halafu umeniuzia msaada wa kulifumbua. Nikamwambia pia kwamba nacheza na mzee wangu, na yeye ndiye aliyelitaja jina sahihi kabla ya herufi kusomwa.

Jibu lake la mwisho, na hili nimelihifadhi: "Kama ni ngumu kwenu, kuna mkusanyiko wa watoto."

Nilisoma nikatetemeka. Nashukuru Mama Mkubwa hasomi simu. Sikumwambia mpaka leo na sitamwambia. Mtu mzima aliyekulia Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ambako Siti mwenyewe aliishi na watu wakimiminika usiku kumsikiliza, ambaye nyumbani kwao santuri zake zilichezwa mpaka zikachubuka, anaambiwa na kijana wa huduma kwa wateja kwamba swali la Siti limemzidi, akacheze na watoto.

Ngoja niwaeleze kwa nini herufi hiyo naishikia bango. Siti alizaliwa Fumba, shamba, mnamo 1880, katika familia maskini ya wafinyanzi. Alizunguka akiuza vyungu, na watu walimjua yuko njiani kwa sauti yake kabla hajafika. Akaja mjini, akafundishwa kasida na kuimba na ala, na ile taarab iliyokuwa ya kasri la Sultani na ya Kiarabu akaiimba kwa Kiswahili mpaka mtu wa chini kabisa akaielewa. Wasiompenda walimtungia wimbo wa kumsuta: alikuwa mtu lini, si alitoka shamba na kaniki yake, kama si sauti angekula nini. Naye akawajibu kwa wimbo. Lakini hao waliomtusi walimtaja kwa jina lake zima ndani ya tusi lao. Binti Saad. Waliomchukia hawakuikata ile I.

Alifariki 1950, na jina halikufa. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Sauti! Neno lile lile la hatua ya kwanza. Mtunzi aliyekuwa makini angeweza kufunga mkusanyiko mzima kwa kuziunganisha hatua hizo mbili, ikawa kazi ya kukumbukwa. Badala yake mtu alinakili jina kutoka alikolikuta, hakuhesabu, na mwenzake alipoonyeshwa akatukana wateja.

Nikifika hapa zile nyota mbili naziona nyingi. Iwe moja.

Tena nafikiri kumwonea mtu si vizuri. Mpwa wangu, ambaye ukimtajia ganuni alidhani ni aina ya samaki, sasa anajua ni ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, na juzi alinitafutia video ya kundi la taarab ili anionyeshe ganuni iko wapi na udi uko wapi. Hilo ni la mafumbo haya. Mama Mkubwa naye, kwa yote yaliyotokea, jioni ananiuliza, "Leo huchezi?" Tunacheza. Hatua zilizobaki nyingi ni nzuri, nyingine nzuri sana. Ile ya MARIMBA ilituchukua muda mrefu na tulipoipata tulipigana viganja. Kama ningekuwa napima mafumbo peke yake, bila kuandikiana na mtu yeyote, ningetoa nne.

Lakini sipimi mafumbo peke yake, kwa sababu nililipa fedha kwa watu, na watu ndio walionijibu. Zibaki mbili.

Toleo jipya limetoka hivi karibuni. Kwenye maelezo wameandika wamerekebisha makosa. Nilifurahi kweli, nikalipakua hata kabla sijanywa chai, nikaenda moja kwa moja kwenye hatua ile. Wamebadilisha rangi ya visanduku. Ni 12 bado. Wameona hatua hiyo, wameipaka rangi, na I hawakuirudisha.

Kwa hiyo anayetaka kununua asikilize: anunue akijua kwamba hatua ya mwimbaji wa Bombay haina jibu sahihi. Asipoteze sarafu hapo, abonyeze "onyesha jibu" mapema asije akaharibu jioni ya mzee wake. Na akipata tatizo, asiwaandikie huduma kwa wateja kama hana moyo wa kutukanwa. Wenye programu, ninachotaka ni visanduku 13 na samahani. Sarafu zangu kaeni nazo. Samahani hiyo msinipe mimi, mwandikieni Mama Mkubwa, mimi nitamsomea.

Na wewe uliyetunga SAUTI na TAUSI, sikufahamu, ila nina hakika si wewe uliyemkata Siti. Kama umeshaondoka hapo, au ukiondoka, tunga mkusanyiko wako mwenyewe uuze mwenyewe. Nitalipia siku hiyo hiyo, na wa Mama Mkubwa nitalipia pia.