Bastola ya kwanza ya shabaha: Ruger Mark IV Target na wenzake, kwa mlengaji wa Arusha

Ukiingia dukani Arusha kuulizia bastola, swali la kwanza utakaloulizwa ni "ya kujilinda?" Muuzaji hana kosa. Wateja wake aliowazoea ni wafanyabiashara wenye fedha za kubeba na wawindaji wanaotaka bunduki ya .375 ya nyati, kwa hiyo ukisema "ya kulengea shabaha tu" bado atakuwekea mezani bastola ya 9 mm, fupi, nyepesi, inayofichika kiunoni. Kwa shabaha, hizo sifa tatu zote ni kasoro. Bastola fupi inakuza makosa ya kulenga, nyepesi inapiga teke, na ya kufichika ina mpini mdogo usioenea mkononi.

Tathmini hii inalinganisha bastola zinazofaa kuwa ya kwanza, kwa mtu anayetaka kupiga karatasi kwenye mita 10 hadi 25. Hukumu yake ni hii: anza na bastola ya risasi ndogo ya .22 Long Rifle (.22 LR), ya chuma, yenye uzito wa kilo moja hivi, yenye alama ya kulengea ya nyuma inayorekebishika. Katika kundi hilo, Ruger Mark IV Target yenye mtutu mnene wa inchi 5.5 ndiyo yenye kasoro chache kuliko wenzake. Kasoro inazo, nazo zitasemwa.

Kwanza karatasi za ofisini. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hata silaha ya mchezo inataka karatasi: bila leseni hakuna kununua bastola wala risasi. Safari huanzia serikali ya mtaa, ikaenda polisi, na haina njia ya mkato. Usilipe hata malipo ya awali kwa silaha "ya jamaa anayeuza" kabla leseni haijatoka, na namba iliyochongwa kwenye chuma isome mwenyewe uilinganishe na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Andaa pia sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, risasi zikae kwenye kasha lao lenye kufuli lake.

Kwa nini .22

Risasi ya .22 LR ya kawaida ina kichwa cha gramu 2.6. Ya 9 mm ina gramu 7.5 au 8, na nguvu inayotoka nayo ni takriban mara nne hadi tano. Mwanafunzi anayeanza na 9 mm hajifunzi kulenga, anajifunza kuogopa. Nukta chache kabla ya mlio, mkono unasukuma mtutu chini kulizuia teke ambalo bado halijaja. Kwa mtu wa mkono wa kulia, matundu yatajikusanya chini kushoto, naye atahangaika kurekebisha bastola wakati mbovu ni kidole. Kipimo chake ni rahisi: mwombe msimamizi akuchanganyie risasi bandia mbili katika magazini (kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini) bila kukuambia zilipo. Ikifika ya bandia na mtutu ukainama, umeliona kosa kwa macho yako. Kwa .22 kosa hilo hupungua haraka kwa sababu hakuna cha kuogopa. Halafu risasi zake ni rahisi kuliko za 9 mm, nazo katoni ya 50 kwa kawaida huisha kabla mtu hajachoka.

Urefu kati ya alama ya mbele na ya nyuma nao una hesabu yake. Glock 17 ina milimita 165. Ukikosea kupanga alama kwa nusu milimita tu, kwenye mita 25 tundu linahama sentimita 7.6 hivi. Bastola yenye milimita 240 kati ya alama zake, kosa lilelile linalihamisha tundu sentimita 5 hivi. Mkono ni uleule, karatasi ni nyingine.

Ruger Mark IV Target

Ilitoka 2016, lakini ukoo wake unaanzia 1949. Magazini ina risasi 10, na kiwandani inafungashwa na magazini mbili. Mtutu hauchezi: umeshikana na mwili wa juu, na kinachorudi nyuma ni bolti ndogo iliyo ndani, si slaidi, yaani kifuniko chote cha juu kama cha bastola nyingi. Alama zote mbili za kulengea zimekaa juu ya chuma kisichotembea, ndiyo maana usahihi wake haupotei kwa kuzeeka kwa slaidi.

Sifa kubwa kwa huku kwetu ni kufunguka. Matoleo ya zamani, hasa Mark III, yalikuwa adhabu kuyarudishia. Mark IV inafunguka kwa kitufe kimoja nyuma: toa magazini, vuta bolti uangalie chemba (chumba cha risasi) kwa jicho na kwa kidole, acha nyundo ikiwa imevutwa nyuma, weka sefti (kizuizi cha usalama), bonyeza kitufe, sehemu ya juu inainuka na kutoka. Sasa unaweza kupitisha ufito wa kusafishia kutokea chemba kwenda mdomoni mwa mtutu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ufito unaoingilia mdomoni unasugua ukingo wa mwisho wa mtutu, na ukingo huo ndio unaoipa risasi kwaheri. Ukilika upande mmoja, karatasi itasema.

Kasoro ya kwanza ni triga (kifyatulio). Ya kiwandani inataka kuvutwa kwa uzito wa kilo 2 hivi na ina mkwaruzo kidogo. Ipime kabla ya kulipa, na huhitaji kifaa cha duka: hakikisha bastola ni tupu, weka magazini tupu (bila magazini haifyatuki kabisa), elekeza mtutu juu mahali salama, tundika chupa ya lita tatu kwenye triga kwa ndoano ya waya, ongeza maji taratibu. Lita moja ni kilo moja. Ikiachia kwenye lita moja na nusu au ikiizidi kidogo, inatosha kwa kuanzia. Ikidai zaidi ya kilo 2.5, chagua nyingine rafuni, kwani hata za modeli moja hutofautiana. Ikiachia kwa chini ya kilo moja kuna mtu ameichezea, iache. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 25 triga hairuhusiwi kuwa chini ya gramu 1000, na anayeanza hana sababu ya kuwapita hao.

Kasoro ya pili inawahusu wanunuzi wa mtumba. Mwaka 2017 kiwanda kiliagiza Mark IV za mwanzo zirudishwe kwa sababu ya sefti: sefti ikiwa katikati, si juu wala chini, na triga ikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka baadaye wakati sefti inaondolewa. Zinazohusika zina namba inayoanza na 401 au WBR. Ukikutana na namba hiyo na muuzaji hana ushahidi wa matengenezo, rudisha mkono mfukoni.

Na mtumba wowote wa .22 una mahali pawili pa kuchungulia kwa tochi. Ndani ya mtutu, tafuta pete nyeusi: ni uvimbe uliotokana na risasi iliyokwama kisha nyingine ikapigwa juu yake. Kwenye ukingo wa chemba, tafuta kidonda kidogo: ni pini iliyogonga chuma kitupu kwa miaka, na ganda litakuwa linakwama hapo kila mara.

Wenzake

Browning Buck Mark, ya tangu 1985, ina triga nzuri kuliko Ruger. Wenye vidole vyepesi wataipenda. Tatizo ni kwamba kuifungua kunataka alenkii (ufunguo wa pembe sita), na skrubu zinazoshika ukanda wa alama ya kulengea hulegea kwa mtikisiko. Mtu anaona matundu yanahama kila wiki, anarekebisha alama, kumbe ukanda unacheza. Tone dogo la loktaiti (gundi ya skrubu) isiyo kali linamaliza kesi, lakini lazima ujue.

Smith & Wesson SW22 Victory iko katikati: nzito kama Ruger, inafunguka kwa skrubu moja, mtutu unabadilishika. Usipoipata Ruger, chukua hii bila kinyongo.

Glock 44 ni .22 pia, ila ina gramu 400 na kitu. Inamfaa aliye na Glock ya 9 mm na anataka mazoezi ya bei nafuu. Kwa mita 25 ni kushika unyoya kwenye upepo.

Glock 17 yenyewe ni chombo kigumu kisicho na maringo, na vipuri vyake ni rahisi kupata kuliko vya bastola nyingi, lakini ije ya pili. CZ Shadow 2 nayo, kilo 1.3 za chuma, ni 9 mm tamu kuliko zote hapa. Bei yake na ya risasi zake ndiyo itakayokupunguzia mazoezi. Rivolva ya .22 yenye mtutu wa inchi 6 ni chaguo la mtu mvumilivu: haichagui risasi, kwani haitegemei nguvu ya risasi kujijaza.

Mkono kwanza, jina baadaye

Kabla ya kukubali yoyote, ishike ikiwa tupu. Panda ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa mgongoni mwa mpini, mtutu ukiwa mstari mmoja na mkono. Nyama ya ncha ya kidole ndiyo iguse triga. Kidole kikifika kwa kujinyoosha, utaisukuma bastola pembeni. Kikipitiliza hadi kwenye kiungo, utaivuta. Inyooshe sekunde 30. Kutetemeka kidogo ni kawaida, kushuka si kawaida.

Risasi, na kinachoharibika

Bastola za .22 zina ulafi wa kuchagua. Nunua katoni moja moja ya aina tatu kabla ya kujaza sefu. CCI Standard Velocity, futi 1070 kwa sekunde, ni mahali pazuri pa kuanzia; Mini-Mag ya futi 1235 hutumika pale bolti inaposhindwa kurudi vizuri. Usiweke .22 Short: itaingia chembani, lakini haina nguvu ya kurudisha bolti.

Ganda likisimama wima kwenye tundu la kutokea, sababu ya kwanza ni kifundo cha mkono kilicholegea. Ya pili ni uchafu chini ya kindoano kinachovuta ganda, ya tatu ni risasi dhaifu. Zifuate kwa mpangilio huo kabla ya kumpelekea fundi. Risasi ikigoma kuingia chembani, tazama magazini: ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini yake. Ukijaza kwa kuvuta kitufe cha magazini hadi chini na kuzidondosha, zinapandana. Shusha kitufe kwa upana wa risasi moja tu kila mara.

Risasi isipowaka, subiri sekunde 30 mtutu ukielekea shabaha. Fataki (kiwasho cha baruti) ya .22 imesambazwa kwenye ukingo wa ganda, na mara nyingine sehemu iliyogongwa haina kitu. Ukiizungusha ikagongwa pengine, huwaka. Lakini ukisikia "puu" badala ya mlio, simama kabisa. Kichwa huenda kimo ndani ya mtutu, na ile pete nyeusi huzaliwa hapo.

Vumbi la kiangazi cha Arusha ni laini kama poda na linapenda mafuta. Matone mawili matatu kwenye bolti yanatosha, mengine futa. Mafuta ya cherehani yanafanya kazi vizuri. Ya kupikia yanageuka gundi. Kila baada ya risasi 300 au 400, mswaki wa meno mkuukuu kwenye uso wa bolti na kindoano. Masika, usiihifadhi ndani ya ngozi, kwani ngozi inakunywa unyevu na kuutema juu ya chuma.

Mwisho, mahali pa kupigia. Tumia uwanja unaokubalika, wenye kingo ya udongo. Miteremko ya Meru na ya Kilimanjaro imejaa mawe ya volkano, na risasi laini ya .22 ikigonga jiwe hurudi au huchepuka. Hewani inakwenda zaidi ya kilomita moja. Miwani na vizibo vya masikio ni kwa wote walio mstarini, hata anayetazama. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chapati, kwa sababu risasi hizi ni za madini ya risasi kweli.