Unataka kupiga picha za wadudu wa bustanini kwa karibu kabisa? Hela yako ianzie hapa

Wengi wakianza wanaulizia lenzi tu. Lenzi tutaifikia, ila mimi nakwambia hela ya kwanza weka kwenye flashi na difyuza, yaani kitu cheupe cha kulainisha mwanga wa flashi. Ukimsogelea mdudu hivyo lazima ubane apacha, lile tundu la lenzi linaloingiza mwanga, hadi liwe dogo, kwenye f/11 hivi, na hata hapo sehemu inayokaa kwenye fokasi ni nyembamba mno, halafu jua peke yake halitoshi, shata, pazia la kamera, inakuwa nzito kufunga na picha inatikisika. Flashi inagandisha kila kitu. Ila isiwe tupu! Mwangalie buibui mrukaji, yule mdogo mwenye macho manane, flashi tupu inamwachia vidoa viwili vyeupe kwenye yale macho makubwa ya mbele, ukiweka difyuza pana iliyofika karibu na ncha ya lenzi macho yanang'aa taratibu na unaona hadi vinywele vinavyoyazunguka.

Haya, lenzi sasa. Namba moja kwangu ni lenzi ndogo ya kubana mbele ya lenzi yako kama Raynox DCR-250, dayopta 8 (hiyo ni nguvu yake ya kukuza), inashika lenzi zenye uzi wa 52mm hadi 67mm. Kama una zumu inayofika 250mm unapata ukubwa wa mara 2 hivi, yaani mdudu wa milimita 5 anachukua milimita 10 za sensa, na kipepeo akitua unaichomoa tu unaendelea na zumu yako kama kawaida. Kwa bei yake sijaona kinachoishinda.

Namba mbili, lenzi halisi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya 1:1 (mdudu anatokea kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi), na chukua ya 90mm hadi 105mm, usishawishike na ya 60mm kwa sababu ni nafuu, maana hiyo inakulazimu usogee hadi kivuli chako kinamwangukia mdudu na anaruka. Kama hela ipo anzia hapa moja kwa moja, Raynox utaibana juu yake baadaye.

Tatu ni zile tyubu za kuweka kati ya kamera na lenzi. Hazina kioo ndani. Tyubu za jumla ya 50mm kwenye lenzi ya 50mm zinakupa 1:1, ila kwenye zumu ndefu utaona tofauti ndogo sana. Nunua zenye pini za umeme, zisizo na pini kwenye lenzi nyingi za kisasa hazikuruhusu kubana apacha.

Nne, ringi ya kugeuza lenzi kinyumenyume. Bei rahisi kuliko zote, na lenzi ya 28mm ikigeuzwa inavuka mara 2, lakini tafuta lenzi ya zamani yenye ringi yake ya apacha, uibane kwa mkono.

Canon MP-E 65mm inafika mara 5, ni ya ajabu kweli, ila kwa anayeanza hapana: kwenye mara 5 unakuwa sentimita 4 tu kutoka kwa mdudu, na haipigi kitu cha mbali kabisa. Lenzi za kubana kwenye simu ziwe za mwisho, zinafaa kwa wadudu waliotulia tu.

Tripodi acha kwanza. Mkono wa kushoto ushike shina la ua, lenzi iegemee juu ya mkono huohuo, hapo ua na kamera vinayumba pamoja, kisha sogeza mwili mbele nyuma polepole hadi macho ya mdudu yakae kwenye fokasi, na uende alfajiri wakati wadudu bado wana baridi na umande uko mgongoni mwao.