Lasers & Feelings: gemu ya karatasi moja tuliyoichezea Moshi wakati wa masika

Mwezi wa nne Moshi mdau yeyote wa mlima anajua hakuna kazi, masika imekolea, wageni wachache, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, tumejaa vijiweni tunabishana mpira mpaka hamu inaisha. Ndo kipindi hicho jamaa yetu mmoja anayesoma kompyuta akaja na habari za gemu za kuigiza, yaani mnakaa mezani, kila mtu ana muhusika wake, mmoja anakuwa msimulizi anawaeleza mko wapi na kumetokea nini, nyie mnasema mnafanya nini, afu dadu inaamua ka umeweza au umeumbuka. Mi nikajua mambo ya watoto haya.

Alianza na ile kubwa, Dungeons & Dragons, ya tangu 1974, ya kina Gygax na Arneson huko Marekani. Aisee. Kitabu cha mchezaji cha toleo la 2014 kina kurasa 320, na hicho ni cha mchezaji tu, msimulizi ana chake. Afu inataka dadu za pande nne, nane, kumi, mpaka ishirini, sa mi dadu ya pande ishirini naitoa wapi, Mbuyuni? Tulikaa masaa mawili tunajaza fomu ka watu wanaoomba mkopo, mvua ikakatika, watu wakasepa, hakuna aliyerusha dadu hata mara moja.

Wiki iliyofuata akaja na hii Lasers & Feelings, imetungwa na John Harper mwaka 2013, ukurasa mmoja, bure mtandaoni. Tukaprinti pale stationery, dadu tukaazima kwa mangi kwenye maboksi yake ya ludo, tatu tu zinatosha.

Ilivyo ni hivi. Unachagua namba moja, kuanzia 2 hadi 5. Basi, umemaliza, huyo ndo muhusika wako, unaongezea tu kazi yake na tabia yake. Namba kubwa we ni mtu wa lasers, sisi tukaita akili: mitambo, mahesabu, utulivu. Ndogo we ni wa feelings, tukaita moyo: maneno matamu, machale, kukurupuka. Ukifanya jambo la akili dadu ije chini ya namba yako, la moyo ije juu yake. Mwenye 5 ana nafasi 4 kati ya 6 kwenye akili, na moja tu kwenye moyo. Mwenye 3 ana mbili za akili na tatu za moyo. Piga hesabu uwezavyo, kila mtu anapata tano, hakuna mjanja wa kutengeneza muhusika anayewazidi wenzie, na ile ya sita iliyobaki, dadu ikiangukia namba yako kamili, ndo utamu wenyewe, nakuja huko.

Dadu ya kwanza ni ya kila mtu. Ka ulijiandaa unaongeza moja, ka ni fani yako unaongeza nyingine. Hazijumlishwi, kila moja inajihukumu yenyewe. Ikifaulu moja umeweza ila kwa tabu, kuna kitu kimeharibika pembeni, mbili safi, tatu umepitiliza, na ikigoma zote msimulizi anawaongezea balaa. Sa cheki, asiyejiandaa na siyo fani yake ana dadu moja, kwa hiyo hata afaulu vipi, bila msaada wa mwenzie hawezi kupata safi. Hakuna sheria inayosema jiandaeni, lakini ndani ya nusu saa kila mtu alikuwa anauliza kamba ziko wapi, nani kabeba maji.

Yenyewe inahusu chombo cha anga za juu kinaitwa Raptor, kapteni wake kavamiwa akili na kitu kisichoeleweka, mnabaki wenyewe. Sisi tukaihamishia mlimani. Kule mnachagua sifa mbili za chombo na tatizo moja, sisi chombo chetu kikawa Noah ya kwenda geti la Machame: ina mbio, ina nafasi ya mizigo, tatizo inachemsha.

Usiku wa kwanza, msimulizi ni mi, tuko kambi ya Barafu, saa tano, mteja kichwa kinamgonga ila kilele anakitaka. Dada wa stationery alikuwa gaidi msaidizi (gaidi huku kwetu ni guide, muongoza wageni), namba yake 5. Kumbembeleza mtu ashuke ni moyo, angeumbuka. Akafikiri, akasema, "Simbembelezi mi, namvalisha kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni namwonesha namba zake." Hiyo ni akili! Na kidude alikitaja tangu getini, nikampa dadu ya pili. Akarusha, 2 na 5. Mbili imefaulu, tano ndo namba yake kamili, na hapo sheria inampa haki ya kuuliza swali lolote na msimulizi lazima ajibu ukweli. Akauliza, "Gaidi mkuu yuko wapi muda wote huu?" Mi sikuwa nimeandaa kitu. Nikajikuta nimesema yuko kwenye hema lake, na bahasha ya tipu iko chini ya mto, imefunguliwa. Kelele zilizopigwa hapo, majirani walitoka nje.

Ubaya upo. Kwanza Kiingereza, ilibidi nitafsiri huku nasimulia. Pili hakuna habari ya kuumia, mpishi aliteleza kwenye ukuta wa mawe wa Barranco tukabishana robo saa ka bado yuko hai. Tatu namba yako haikui, kwa hiyo usiku wa nne mtu wa 5 yuko vilevile, kwa wiki nzima sawa, kwa miezi sidhani.

Tukajaribu kuongeza sheria zetu: pesa, uchovu, mzigo usizidi kilo 20. Ikawa tunapima mizigo kama getini kweli, watu wakaanza kupiga miayo, tukafuta zote. Imebaki moja: ukiumia unapoteza dadu moja mpaka mwenzio akuhudumie, na ukiishiwa dadu kabisa unashushwa kwa machela.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeipa ingekuwa na mistari mitatu ya kumsaidia msimulizi mgeni, maana mzigo wote wa kubuni unakuangukia we. Usiku wa tatu mi niliishiwa kabisa, nikaifanya Noah ichemshe mara mbili mfululizo na dereva akanishtukia.