Darasa la muziki la watoto Jumamosi, Forest Mbeya: mwanangu sasa anashika pigo

Wazazi wenzangu mlioniuliza kuhusu lile darasa la Jumamosi huku Forest, nimempeleka mwanangu wa miaka mitano wiki nane sasa. Buku tano kwa kipindi, saa nne mpaka tano kasorobo.

Kwanza hakuna spika. Kule alikokuwa mwanzo muziki ulikuwa redio imefunguliwa mpaka mwisho na watoto wanapiga kelele juu yake, mtoto anaimba shingo imekaza anarudi nyumbani sauti imekauka. Hapa ticha ana kingoma kimoja na sauti yake basi.

Mchezo nilioupenda kuliko yote ni wa makokwa ya parachichi. Watoto wanakaa duara kwenye mkeka, kila mmoja na kokwa lake, wanaimba na kila pigo, yaani ule mdundo wa wimbo usiobadilika, kokwa linaenda kwa jirani wa kulia, okota pitisha, okota pitisha. Wiki ya kwanza yalijikusanya sita mbele ya mwanangu maana alikuwa anafuata maneno ya wimbo sio pigo, na maneno yanakimbia na kusimama ila pigo linatembea vilevile. Ticha hakumwambia umekosea, alikaa nyuma yake akawa anamgusa mabega taratibu, bega bega bega, huku anaimba. Wiki ya tano makokwa yote yakapita, jamani nilitokwa machozi.

Halafu wanatembea kwa ngoma miguu inashika pigo mikono inapiga maneno, ndi-zi makofi mawili kwa hatua moja, pa-ra-chi-chi makofi manne kwa hatua mbili. Ticha akiziba mdomo kwa kiganja wote wananyamaza, miguu inaendelea, wimbo unaimbwa moyoni, akitoa mkono wanatoka pamoja kwenye neno lilelile. Mimi ni wa kwaya, sauti ya pili miaka kumi na moja, na nawaambia sisi watu wazima wimbo ukikolea tu tunakimbiza mwendo, kwa sababu hakuna aliyetuwekea pigo mwilini tukiwa wadogo.

Kuimba wanaanza na so na mi tu, noti mbili za ile ngazi ya do re mi fa so, mkono juu mkono chini, zile sauti mbili mtoto anazomwitia mwenzake ng'ambo ya uwanja. Ticha anafuata njia ya Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967), yule aliyeshikilia kwamba mtoto aanze kwa kuimba na aanze na nyimbo za lugha yake, ndio maana anatuomba tumletee za bibi zetu, za Kinyakyusa, Kisafwa, yoyote. Hilo peke yake mimi ningelilipia.

Yasiyonifurahisha yapo. Watoto 26 ni wengi mno, wa miaka mitatu wanapotea katikati. Na siku anayoongoza yule kaka msaidizi anatoa do ya chini inayomfaa yeye, watoto wananguruma badala ya kuimba, sauti ya mtoto iko juu jamani, apandishe ki, yaani aanzishe wimbo juu zaidi. Nimemwambia, kasikiliza vizuri, Jumamosi iliyofuata ilikuwa afadhali kidogo.

Sakafu ni ya simenti na mkeka ni mwembamba, kwa baridi yetu hii ya Juni mvalisheni mtoto soksi nzito. Na mkila parachichi nyumbani msitupe kokwa, ticha anazihitaji.