Seti ya kuvuta mibonyeo kwa gundi: inafaa, ila gundi iliyokuja nayo weka kando

Seti hizi za kunyoosha mibonyeo kwenye bati la gari ziko kwenye maduka ya spea na mitandaoni, nyingi hazina hata jina. Fungua sanduku utakuta daraja la chuma lenye miguu miwili ya mpira, nyundo ya kuteleza (fimbo yenye uzito unaoteleza juu yake), vishikio vya plastiki vyenye umbo la uyoga, bunduki ya gundi, vijiti kumi hivi vya gundi, na kalamu ya nailoni ya kugongea. Maelezo ya matumizi, yakiwepo, ni picha nne tu.

Seti hii ina kazi moja: kuvuta mbonyeo wa mviringo, usio na kina kirefu, ambao rangi yake haijapasuka. Mlango uliogongwa na mlango wa jirani kwenye maegesho, boneti iliyoangukiwa na embe, hapo inafanya kazi vizuri kuliko bei yake. Bati likishakunjika, au mbonyeo ukiwa umepita juu ya ule mstari wa umbo la mlango, au uko pembeni kabisa bati lilipopinda kwa ndani, mpelekee fundi bodi. Pale bati limevutika na halitarudi kwa gundi.

Kabla ya yote chunguza rangi. Magari mengi huku kwetu yameshapigwa rangi mara moja au mbili. Chukua sumaku nyepesi, ile ya kubandika kwenye friji, izungushie karatasi na uipitishe kwenye bati. Ikishika sehemu nyingine halafu ikateleza na kuanguka kwenye mbonyeo, chini kuna puti, ule ujazo wa mafundi chini ya rangi. Ukivuta hapo, kishikio kitatoka na rangi yake, duara kama chapati, na kazi ya bure imegeuka kazi ya kupaka rangi. Rangi ya kiwandani ndiyo inayostahimili. Sumaku isiposhika popote kwenye bati hilo, huenda ni alumini, nayo ni ngumu kurudi. Usijifunzie hapo.

Sasa gundi, maana ndipo seti hizi zinapoangusha watu. Vijiti vilivyomo ni laini, ni vya kubandikia maua ya karatasi. Vinanata, lakini ukivuta vinarefuka kama ubani wa kutafuna, mbonyeo unabaki ulivyo, na mnunuzi anasema seti ni feki. Nunua vijiti vya milimita 11 vinavyouzwa mahsusi kwa kuvuta bati, ambavyo muuzaji anataja hali ya hewa vinayoifaa: vya joto au vya baridi. Ukiwa Dar, Mombasa au Tanga chukua vya joto.

Osha bati kwa maji na sabuni, likauke, kisha ulifute kwa spiriti. Spiriti kali ni bora. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, isubiri ikauke kabisa. Usitumie jeli ya kutakasia mikono, huacha utando na gundi haishiki. Thina nayo isiguse rangi.

Kishikio kiwe kidogo kuliko mbonyeo, nusu au theluthi mbili ya upana wake. Kikiwa kikubwa kitashika kingo zilizokwisha kuinuka na kuziinua zaidi. Acha bunduki ipate moto vizuri, paka gundi kwenye kishikio, kiweke katikati ya mbonyeo bila kukikandamiza hadi mwisho: ibaki tabaka ya kama milimita moja. Ukiibana gundi yote ikatoka pembeni, hakuna kinachoshika. Subiri dakika tatu hadi tano, kivulini. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana halitaiacha gundi ikaze. Asubuhi ya Julai kule Arusha au Limuru mambo ni kinyume, gundi inakuwa ngumu na kubanduka ghafla. Pasha bati kwa draya ya nywele hadi liwe vuguvugu tu mkononi.

Kati ya daraja na nyundo, anayeanza ashike daraja. Miguu ikae nje ya mbonyeo, mbali kiasi, kwenye bati lililo imara, la sivyo utatengeneza mibonyeo miwili mipya. Kaza parafujo ya daraja inayovuta kishikio, kidogo kidogo, hadi gundi iachie. Nyundo ya kuteleza ina nguvu ghafla, na kosa linaloonekana zaidi ni kuvuta kupita kiasi hadi panatokea kinundu.

Usitegemee mvuto mmoja. Tano hadi kumi ni kawaida. Gundi iliyobaki usiikwangue kwa kisu: nyunyizia spiriti ukingoni, subiri kama dakika moja, itabanduka yenyewe kama ganda.

Vinundu vilivyoinuka kuzunguka mbonyeo vinaushikilia usirudi, kwa hiyo kati ya mvuto na mvuto vigonge taratibu kwa ile kalamu ya nailoni na nyundo ndogo. Ukitazama gari ukiwa umelikabili huwezi kuviona. Simamisha tyubulaiti pembeni, uangalie mstari wake wa mwanga kwenye bati ukiwa umeinama: unapopinda ndipo penye kazi. Kwenye sanduku taa haimo, na bila taa unagonga kwa kubahatisha.

Ule mtindo wa kupasha bati kwa draya kisha kulipulizia hewa ya kopo (ile ya kusafishia kompyuta) lililogeuzwa chini juu unapendeza mtandaoni kuliko unavyofanya kazi kwenye bati. Kwa bampa la plastiki hata seti yenyewe huna haja nayo: mwagia maji yanayochemka, sukuma kwa nyuma ukiwa na glovu, kisha maji baridi. Bampa lililopasuka halihusiki.

Jambo la kuuliza dukani ni umeme wa bunduki. Nyingine zimetengenezwa kwa volti 110 na zikichomekwa kwenye volti 230 zetu zinaungua siku hiyo hiyo. Zile za volti 12 za kuchomeka kwenye gari mara nyingi hazipati joto la kutosha. Tafuta iliyoandikwa 220–240 na isiyopungua wati 60. Ukiikosa, nunua seti bila bunduki na bunduki uitafute kwenye duka la vifaa vya ujenzi.