NCIRS ya Sydney kwa mtoa chanjo wa Mtwara na Lindi: cha kuchukua na cha kuacha

Kituo cha taifa cha Australia cha utafiti wa chanjo na ufuatiliaji wa magonjwa, NCIRS, kilianzishwa mwaka 1997 na kipo ndani ya hospitali ya watoto ya Westmead, Sydney. Karatasi zake za maelezo kuhusu chanjo mbalimbali ni bure kwa yeyote mwenye intaneti, na siku hizi huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi wa zahanati kutoka Masasi hadi Kilwa. Ni kazi nzuri sana, ila iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, na mtu akiisoma bila kuchuja anaweza kumpotosha mama aliyekuja kliniki na mtoto mgongoni.

Lililo bora kuliko yote ni SKAI, mwongozo wao wa mazungumzo na wazazi. Huko wazazi hugawanywa katika makundi matatu: waliokwisha kubali, wenye maswali, na wasiotaka. Aliyekubali asihutubiwe. Mwambie chanjo za leo ni zipi na maudhi gani ayategemee, kisha mchanje mtoto. Mwenye maswali muulize kwanza maswali yake yote, mpaka la mwisho, ndipo uanze kujibu. Kosa linalofanyika sana kwetu liko hapo hapo: mama akitamka neno "ugumba" kuhusu chanjo ya HPV (ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi), mtumishi anamkatiza na kuanza somo la saratani ya mlango wa kizazi, wakati hofu yenyewe ilikuwa ya pili au ya tatu na haikufika mdomoni. Asiyetaka haburuzwi wala hatishwi. Anaelezwa kwa ufupi, anapewa ushauri ulio wazi, na anaachiwa nafasi ya kurudi.

Pungufu la SKAI kwa huku ni mazingira. Inamfikiria mzazi mmoja ndani ya chumba tulivu, kwa miadi. Siku ya kliniki zahanati ya Nanyumbu au Liwale ina foleni ya akina mama wengi na mtumishi mmoja au wawili. Tena kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, mwenye neno kuhusu mtoto mara nyingi ni bibi mzaa mama au mjomba, naye yuko nyumbani. Kinachowezekana ni kutumia elimu ya afya ya asubuhi kukusanya maswali yote kwa sauti, kuyajibu mbele ya wote, kisha yule aliyenyamaza kumchukua pembeni kwa dakika tatu: "Mama, nyumbani nani atauliza kuhusu chanjo hii, na atauliza nini?" Swali hilo halimo SKAI, lakini bila hilo mwongozo wote unaishia mlangoni.

Sasa karatasi za maelezo, na hapa tahadhari ni kubwa.

Kwanza, ratiba. Australia humchanja mtoto akiwa na miezi 2, 4 na 6, na ya surua huanza miezi 12. Kwetu ni wiki 6, 10 na 14, na surua-rubella ni miezi 9 na miezi 18. Hakuna aliyekosea. Kule surua haizunguki sana, kwa hiyo wanaweza kusubiri kinga aliyopewa mtoto na mama yake iishe ili chanjo ishike vizuri zaidi. Huku kusubiri hadi miezi 12 ni kumwacha mtoto wazi kwa miezi mitatu. BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo kule hupewa watoto wachache walio katika hatari, huku ni ya kila mtoto anapozaliwa. Matone ya polio waliyaacha mwaka 2005 wakabaki na ya sindano, ilhali sisi tunatumia zote mbili. Ukichapisha jedwali lao na kulibandika ukutani, utazua mzozo na kadi ya kliniki ya mtoto.

Pili, na hili wengi hawalijui: takwimu zao za homa baada ya chanjo ya kifaduro haziendani na Penta yetu, chanjo moja inayokinga magonjwa matano kikiwemo kifaduro. Tangu mwaka 1999 watoto wa Australia wanapata chanjo ya kifaduro iliyotengenezwa kwa vipande vichache tu vya kijidudu. Penta ya Tanzania ina kijidudu kizima kilichouawa. Inakinga vizuri, lakini inaleta homa, uvimbe na kilio zaidi usiku wa kwanza. Mama akiahidiwa utulivu wa karatasi ya Sydney, halafu mtoto akachemka usiku kucha, wiki ya 10 hutamwona. Mwambie ukweli: homa inaweza kuja ndani ya siku moja au mbili, paja linaweza kuvimba, kisha vyote hupungua.

Kwa upande wa surua karatasi zao zinatufaa moja kwa moja, maana kirusi kilichodhoofishwa kinafanya kazi ile ile. Homa huja kuanzia siku ya 5 hadi ya 12, mara nyingi siku ya 7 hadi ya 10, pengine na vipele. Ila wao hawana malaria, nasi tunayo. Mtoto akipata homa siku ya 8 baada ya chanjo, pima malaria kwa kipimo cha haraka kabla ya kusema "ni chanjo hiyo". Kosa hilo linaua.

Tatu, usitarajie kufundishwa huko kazi ya kichupa cha dozi nyingi. Surua-rubella yetu ni kichupa cha dozi 10 na BCG ni cha dozi 20. Zinachanganywa kwa kimiminika cha mtengenezaji yule yule, kikiwa kimepoozwa kabla, na baada ya saa 6 au kliniki kuisha, chochote kitangulie kutokea, kilichobaki kinatupwa. Chanjo hizi hazina kihifadhi, hivyo bakteria wakiingia wanakua, na madhara yake ni ya kutisha. Andika saa ya kuchanganya kwenye kichupa kwa kalamu.

Upande wa ufuatiliaji, AusVaxSafety, mfumo wa usalama wa chanjo walioianza mwaka 2014, ni ya kuigwa kwa wazo lake. Siku ya tatu baada ya chanjo mzazi anapata ujumbe wa simu: je, kulikuwa na tatizo? Anajibu ndiyo au hapana, na aliyesema ndiyo anaulizwa zaidi. Huku namba iliyo kwenye rejista mara nyingi ni ya baba au ya jirani, na msimu wa korosho familia inahamia shambani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita siku ya tatu na swali hilo hilo moja anafanya kazi ile ile. Jibu lililo zito linajazwa fomu na kupanda wilayani siku hiyo hiyo, bila kungoja ripoti ya mwezi.

PAEDS, mfumo wa kufuatilia magonjwa ya watoto wanaouratibu tangu mwaka 2007, unawaweka wauguzi katika hospitali za watoto kutafuta wagonjwa wodini bila kungoja taarifa. Kwa mkoa unaopakana na Msumbiji, ambako kirusi cha polio cha asili kilithibitishwa Tete mwaka 2022, hilo ndilo la kuiga haraka. Pitieni rejista za wodi katika hospitali za Ligula, Ndanda na Nyangao mkitafuta mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla kiungo. Haja kubwa mara mbili, zikiachana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze, zihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8. Anayecheleweshwa kwa mganga wa kienyeji hadi wiki ya tatu, sampuli yake inakuwa dhaifu, kwa sababu kirusi kimeanza kupungua kwenye haja. Ruangwa mwaka 2022 homa ya mgunda (leptospirosis) ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu walioona wagonjwa wanafanana wakatoa taarifa.

Karatasi za NCIRS hufanyiwa marekebisho, na tarehe huandikwa juu yake. Iliyozunguka WhatsApp mwaka mzima huenda imeshabadilishwa, kwa hiyo ifungueni upya kutoka kwao kabla ya kuisoma mbele ya akina mama.