Nondo za ethi kwa uzio wa umeme: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ng'ombe wakianza kuudharau uzio wa umeme, wengi hukimbilia mashine kubwa zaidi. Mara nyingi kasoro iko chini, kwenye ethi, yaani nondo zinazozikwa ardhini na kuunganishwa na mashine. Umeme hutoka kwenye mashine, hupita kwenye waya, humwingia mnyama, hushuka kwa kwato zake, kisha hurudi kwenye mashine kupitia nondo zilizozikwa. Njia hiyo ya kurudi ikiwa mbovu, mnyama hahisi kitu. Basi pesa ianzie hapo.

Nafasi ya kwanza tunaipa nondo ya chuma iliyochovywa zinki, yenye urefu wa mita 2. Waya wa uzio nao una zinki, kwa hiyo vikifungwa pamoja havilani. Nunua tatu hata kwa mashine ndogo. Kipimo cha mafundi ni mita 1 ya nondo kwa kila juli 1 (juli ni kipimo cha nishati ya pigo la mashine), hivyo mashine ya juli 8 inahitaji nne. Ziache mita 3 kati ya moja na nyingine, uziunganishe kwa waya mmoja usiokatwa wenye ganda la plastiki, kila nondo na klampu yake. Kuzungushia waya kwa mkono hakutoshi. Hulegea na kushika kutu.

Bomba la maji lenye zinki ni la pili, na halina aibu yoyote. Taabu yake ni murram: ukiligonga, mdomo hupasuka, kwa hiyo livalishe kifuniko cha chuma kwanza.

Nondo ya shaba ya mafundi wa nyumba hupitisha umeme vizuri sana, lakini tumeishusha hadi ya tatu. Shaba ikigusana na waya wa zinki penye unyevu, zinki huliwa na kiungo hufa polepole bila wewe kujua. Ukiichagua, waya na klampu hadi kwenye mashine viwe vya shaba pia.

Nondo ya ujenzi iache. Hushika kutu upesi, na kutu huzuia umeme.

Sehemu kavu za Uganda kama Nakasongola au Karamoja, udongo wa juu hukauka kabisa kiangazi. Peleka nondo bondeni au karibu na birika, hata kama waya utakuwa mrefu, ila zikae angalau mita 10 kutoka ethi ya umeme wa nyumba. Pakikauka kupita kiasi, fanya waya mmoja wa uzio kuwa wa ethi, mnyama aguse waya wenye umeme na waya wa ethi kwa pamoja.

Pima wakati wa kiangazi. Mashine ikiwa imezimwa, egemeza vyuma kati ya waya na ardhi mita 100 kutoka kwenye mashine, kisha iwashe. Volti za uzio zikibaki juu ya 2,000, izime uongeze vyuma. Zikishuka chini ya hapo, pima kati ya nondo ya mwisho na kigingi cha chuma kilicho mita 1 pembeni. Ukiona zaidi ya volti 300, ongeza nondo, upime tena.